Mstari wa Chini wa Kioo Cheusi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuandika samaki. Hapa Mahagi-Port, mitumbwi ikishafika alfajiri, kila mzigo hupimwa kabla ya kupakiwa kwenye gari la kupanda mlima kwenda Mahagi-Centre, au kabla ya kuvushwa kwenda Panyimur upande wa Uganda. Lazima awepo mtu wa kuandika: mtumbwi wa nani, samaki gani, kilo ngapi, nani kanunua, kalipa shilingi za Uganda au faranga za Kongo, deni lililobaki ni kiasi gani. Kabla yangu aliyeandika alikuwa mzee mmoja mwenye hati nzuri ajabu, katika madaftari makubwa yenye jalada gumu. Mimi nililetwa na kompyuta, miaka michache baada ya vita vya Ituri kutulia, wakati mtandao wa simu wa ng'ambo ya ziwa ulipokuwa umeanza kushika huku kwetu.

Kwa asiyepajua, Mahagi-Port iko ufukweni mwa Ziwa Albert, lile ambalo enzi za Zaire liliitwa Ziwa Mobutu Sese Seko. Mapatano ya mwaka 1910 kati ya Wabelgiji na Waingereza ndiyo yaliyoacha ukanda huu wa Mahagi upande wa Kongo. Zamani meli zilikuja hapa kutoka Butiaba. Nilipoanza kazi meli zilikuwa hadithi ya wazee, na kilichobaki ni mitumbwi ya injini, Waalur kwa Waalur pande zote mbili za maji, na biashara isiyojua mpaka. Umeme wa taifa haukuwepo. Tulikuwa na paneli moja ya jua juu ya bati, betri ya gari, na gurupu, yaani jenereta, ya kunguruma jioni, iliyonyweshwa petroli ya chupa kutoka kwa makadafi, wauza mafuta wa barabarani.

Yule mzee tulimwita Papa. Ndiye aliyekuwa akiendesha foni pia, ile redio ya mawimbi mafupi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa njia pekee ya kupeleka habari Bunia au Aru. Nilimwona kazini kabla sijaelewa kwa nini namtazama sana. Akishasoma ujumbe hewani, hakuweka alama kwenye daftari lake. Alisubiri wa upande wa pili aurudie neno kwa neno, yeye akakosoa palipokosewa, ndipo akachora mstari mmoja chini. Vijana walimwambia, “Papa, si amesema amepata?” Naye hujibu, “Kusema amepata si kupata.” Sikujua wakati ule kwamba tabia hiyo ndiyo kazi yangu yote ya miaka iliyofuata.

Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, imevushwa kutoka Uganda ndani ya gunia la plastiki. Ilikuwa na Linux, na kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, fundi aliyeiandaa aliondoa madirisha na picha zote. Ukiwasha, unapata kioo cheusi na maandishi meupe. Kihariri kilikuwa Vim. Niliwahi kujifunza kompyuta Bunia kwa kipanya na vitufe vya picha, kwa hiyo siku ile niliona nimepewa mashine isiyokamilika. Baada ya msimu mmoja wa mvua nisingekubali kubadilishana na nyingine.

Tatizo la kwanza lilikuwa vidole. Bunia tulijifunza kwenye kibodi za Kifaransa, ambako herufi A inakaa kona ya juu kushoto. Kibodi ya Uganda ina Q mahali hapo hapo. Katika Vim, ukitaka kuongeza maandishi mbele ya kishale unabonyeza a. Kidole kilichozoea Kifaransa kinabonyeza q, na q ni amri ya kuanza kurekodi kila utakachogusa. Kila kijana aliyekuja kujifunza alipitia hapo: anaandika, hakuna kinachoonekana kama alivyotaka, na chini kabisa ya kioo kumetokea taarifa kwamba mashine inarekodi. Wengi hawakuisoma. Walitazama katikati, mahali macho yalipokuwa, wakati mashine ilikuwa ikiwaambia ukweli chini.

Huo mstari wa chini ndio niliowafundisha kabla ya jambo lingine lolote. Vim ina hali zaidi ya moja. Katika hali moja, kila herufi ni amri: x inafuta, u inarudisha ulichofuta, dd inaondoa mstari mzima. Ukibonyeza i, unaingia katika hali ya kuandika, na mstari wa chini unakuambia hivyo kwa herufi kubwa. Ukibonyeza Esc, maneno hayo yanaondoka na herufi zinarudi kuwa amri. Kioo kinabaki kile kile, samaki wale wale, kilo zile zile. Tofauti yote iko pale chini.

Nitoe mfano mmoja, maana niliuona katika faili letu mara nyingi hadi nikawa nautambua kwa mbali. Mtu yuko katika hali ya amri bila kujua, kishale kimesimama juu ya tarakimu ya kwanza ya kilo 140, naye anaanza kuandika sangara. Herufi s, ikiwa amri, maana yake ni: futa herufi iliyo chini ya kishale, kisha ingia hali ya kuandika. Basi 1 inafutika, na yanayofuata yanaandikwa kama maneno. Kwenye kioo unasoma angara40. Anayepitia haraka anadhani ni herufi moja tu imeruka, anaongeza s na nafasi, anaendelea. Kilo mia moja za mvuvi zimetoweka. Kwa hiyo tulikuwa na kanuni ofisini: ukikuta angara popote, usirekebishe kwa jicho. Bonyeza Esc, kisha u, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi uone mstari ulivyokuwa, ndipo uandike upya.

Hayo yalikuwa kwenye mashine iliyo mbele yako. Mambo yalizidi uzito tulipoanza kuandika kwenye seva. Wenzetu wa Bunia na Mahagi-Centre walitaka kuona orodha siku hiyo hiyo, na barabara ya Djugu, ya kwenda Bunia, haikuaminika, kwa hiyo fundi alikodi seva Ulaya na faili likahamia huko. Sisi tuliingia kwa modemu ndogo yenye laini ya Uganda, iliyofungwa kwenye mti wa dirisha linalotazama ziwa kwa sababu hapo ndipo mawimbi yalipofika. Unabonyeza herufi, inasafiri hadi Ulaya, seva inaipokea, kisha inairudisha ndipo uione. Asubuhi kukiwa kweupe, herufi ilirudi haraka. Mchana wa joto, ukungu ukiwa juu ya maji, uliweza kuandika jina zima la mvuvi ukitazama kioo kisichobadilika, kisha jina lote likatokea kwa mpigo.

Nilipoanza kusoma historia ya programu hizi ndipo nilipoelewa kwa nini hiki kihariri kilituvumilia. Vim ilitoka kwa vi, na vi iliandikwa na Bill Joy huko Berkeley, Marekani, kuanzia mwaka 1976. Alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa modemu ya baudi 300, yaani herufi kama thelathini kwa sekunde. Kujaza kioo kizima kwa kasi hiyo ni kusubiri dakika nzima. Kwa hiyo vi ilijengwa kubana matumizi. Kwenye laini ya polepole, vi ya zamani ilionyesha mistari minane tu badala ya kioo kizima. Ukifuta mstari, haikusogeza yote ya chini kwenda juu. Iliweka alama ya @ pale mstari ulipokuwa, ikiwa na maana kwamba hapa pamebaki nafasi tu, faili halina kitu hapa, nitapanga kioo ukiniomba. Kujua hivyo kulinifurahisha mno. Mtu mmoja Kalifornia, zaidi ya miaka thelathini kabla, alikuwa amekaa mbele ya laini mbovu kuliko yetu na kuifikiria vizuri.

Nasi tukajifunza kubana. Tulizima rangi kwa :syntax off, kwa sababu kila rangi ni herufi za ziada zinazosafiri. Tulizima namba za mahali kilipo kishale, maana zinabadilika kila ukisogea, na kila badiliko linapita hewani. Tuliweka scrolljump, ili kishale kikivuka ukingo wa kioo, maandishi yapande mistari kadhaa kwa pamoja, yasipande mmoja mmoja. Hatukushuka kwenye faili kwa mshale. Tuliandika / na jina la mtumbwi, kihariri kikaruka hadi hapo. Tukiwa hapo, zz iliweka mstari katikati ya kioo tuone wa juu na wa chini yake. Mambo madogo, lakini kwa siku yalitofautisha kazi iliyoisha saa kumi na kazi iliyoisha usiku.

Wakati mwingine kioo chenyewe kilidanganya. Ujumbe wa modemu au wa mfumo ulijichapa juu ya orodha, nusu ya jina la mvuvi ikafunikwa na maneno ya mashine. Kijana mgeni huogopa na kuanza kufuta takataka ile, kumbe anachofuta ni maandishi halisi yaliyo chini yake. Dawa ni Ctrl na L: kihariri kinachora kioo upya kutoka kwenye kumbukumbu yake, na takataka inaondoka kwa sababu haikuwahi kuwa ndani ya faili. Tena wale waliotoka kwenye kipanya walikuwa na mazoea ya kuhifadhi kwa Ctrl na S. Kwenye terminali, Ctrl na S ni amri ya zamani ya kusimamisha kioo. Kila kitu kinaganda. “Mukubwa, masini imekufa!” Haijafa. Unabonyeza Ctrl na Q, na yote uliyoandika kipofu yanamiminika.

Basi niliwachorea ukutani kwa chaki sehemu tatu. Kuna kinachoonekana kwenye kioo. Kuna kilicho kwenye kumbukumbu ya mashine, ambacho ndicho unachohariri. Na kuna kilicho kwenye diski, ambacho ndicho faili. Kioo kinaweza kuwa nyuma ya kumbukumbu, na kumbukumbu karibu wakati wote iko mbele ya diski, hadi uandike :w. Ukibonyeza Ctrl na G, kihariri kinakuambia jina la faili, kama limebadilishwa bila kuhifadhiwa, na uko mstari wa ngapi. Papa alitazama mchoro ule wa chaki kwa muda, akasema, “Ni foni hii.” Kuanzia hapo alinikubali.

Jioni moja kabla ya siku ya soko, upepo wa ziwa ulikuwa mkali na mitumbwi ilikuwa imerudi mapema imejaa. Tulikuwa tukiandika kwenye mashine ya ofisini, kwa sababu mtandao ulikuwa umekata tangu adhuhuri. Mama mmoja mchuuzi wa makayabu, samaki wa chumvi, alikuwa amesimama kando ya meza akinitajia mizigo yake. Nikamaliza mstari wake, nikainua uso kumsikiliza, maana alitaka kunieleza deni la shemeji yake. Kisha nikaanza mstari wa mtu aliyefuata. Gurupu ikakohoa, petroli ilikuwa imechanganywa na maji, na betri ilikuwa imechoka siku nyingi. Kioo kikazimika katikati ya neno.

“Mtoto wangu,” Mama akasema gizani, “na feza yangu je?”

“Subiri kidogo, Mama. Haijapotea.”

Sikusema hivyo kumtuliza. Vim, kila inapofungua faili, hutengeneza pembeni faili la pili lenye jina lile lile, likianza na nukta na kuishia na .swp. Humo huweka mabadiliko bila kuulizwa. Kwa kawaida huandika baada ya herufi 200, au ukinyamaza kwa sekunde nne. Nilipoinua uso kumsikiliza Mama, zile sekunde nne zilipita, na mstari wake ukateremka kwenye diski wakati yeye akizungumza.

Kijana alitoa maji kwenye kabureta kwa mwanga wa tochi. Mashine ilipowaka nikafungua faili, na likatokea lile onyo ambalo watu wengi huliogopa, namba E325, lenye neno ATTENTION kwa herufi kubwa na maelezo marefu. Hapo ndipo pa kutulia. Linakuambia limekuta faili la .swp, la tarehe gani, na linakupa uchaguzi. Herufi R ni kurejesha. Herufi D ni kufuta, na aliye na haraka huibonyeza ili onyo limwondokee, akaondokewa na kazi yake. Nilibonyeza R. Orodha ikarudi. Nikashuka hadi mwisho: mstari wa Mama upo, mzima, na kilo zake. Wa yule aliyefuata haukuwepo kabisa. Nikahifadhi kwa jina jipya, si juu ya lile la zamani, nikalinganisha mafaili mawili kwa diff, nikamsomea Papa kila mstari uliozidi naye akaulinganisha na vikaratasi mikononi mwa wachuuzi. Baada ya hapo ndipo nilipofuta .swp. Mama aliondoka usiku ule na hesabu yake kamili. Kesho yake nilipunguza ile 200 hadi 20, na sekunde nne hadi moja.

Kwenye seva mambo yalikuwa na sura nyingine. Mtandao ukikatika, mashine ya Ulaya haijazimika. Ni wewe uliyepotea. Tulikuwa tukifungua Vim ndani ya programu iitwayo screen, ambayo huendelea kushikilia kazi hata mwenyewe akitoweka. Ukirudi unaandika screen -r na unakuta kishale pale pale ulipokiacha, hata kama ulikuwa katikati ya neno. Lakini aliyesahau na kufungua faili upya alikutana na E325 ile ile, ikiwa na nyongeza moja: karibu na namba ya mchakato, taarifa kwamba bado unaendelea. Maneno hayo machache yanabadilisha jibu lote. Kama mchakato bado uko hai, usirejeshe wala usifute. Toka, utafute kazi yako ilipo. Wawili wakirejesha na kuandika faili moja kwa wakati mmoja, wa mwisho kuhifadhi anaweza kumfutia mwenzake samaki wa asubuhi nzima.

Kuna jambo lililotuunganisha na kihariri hiki zaidi ya ufundi. Ukifungua Vim bila faili, katikati ya kioo hutokea jina lake, toleo, jina la mtunzi, na maneno machache yanayoomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Kijana mmoja aliponiuliza, “Mukubwa, Uganda hii ya ng'ambo?” nilimwambia ndiyo, hii hii. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda katika wilaya ya Rakai, karibu na Tanzania, akajitolea katika kituo cha watoto akishughulikia maji na usafi. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi mno pale. Aliporudi Ulaya hakuuza programu yake. Aliigawa bure, akaomba kwamba anayeridhika nayo awachangie watoto wa Kibaale. Wavuvi wetu walidhani ni Kibaale ile ya Bunyoro, karibu na ziwa letu, na wengine walianza kukumbuka Wazungu waliowahi kuwaona huko. Sio hiyo. Hata hivyo mimi nilipenda kujua kwamba mtu aliyeweka zile sekunde nne ndani ya programu alikuwa ameishi upande wetu wa dunia, na mahali pa kuchota maji palikuwa kazi yake.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, lilitolewa kwa kumbukumbu yake. Papa alikuwa ametangulia miaka kadhaa kabla. Foni yake imebaki kwenye rafu, na samaki sasa wanaandikwa kwa simu, kwa jumbe na picha za vikaratasi. Ni haraka kuliko zamani, nami nafurahi kwa ajili ya wachuuzi. Ila nikiwaona vijana wa leo wakitazama duara linalozunguka bila kujua maneno yao yako wapi, kwenye simu, hewani, au kwa aliyetumiwa, naona wamenyimwa kitu ambacho mashine yetu kuukuu ilitupa bila malipo.

Basi ninyi mnaofundisha kompyuta Bunia, Mahagi na Aru, nawaomba: siku ya kwanza mwonyesheni mwanafunzi mstari wa chini wa kioo, na kabla wiki haijaisha mzimieni mashine katikati ya neno, kisha mkae naye mumfundishe vim -r.